Jina, mji na pindo: namna ya kusoma matangazo ya runinga yanavyomsawiri mwanamke

Jioni moja ya Ramadhani, baada ya futari, tulikuwa sebuleni kwa ami yangu hapa Langoni, Lamu, tunangojea tamthilia ya Kituruki irudi. Likapita tangazo la sabuni ya unga. Mama kijana, kajifunga mtandio vizuri, anafua shati la shule la mwanawe mpaka linang'aa, na sauti nzito ya mwanamume inaeleza kwa nini sabuni hii inazishinda nyingine. Binti wa ami, anayesoma chuo, akasema matangazo kama haya yanawadhalilisha wanawake. Bibi akamkatiza: "Huyu yuna makosa gani? Hebu mtazame, kajistiri, yuamfulia mwanawe." Ami akafunga mjadala kwa kusema hiyo ni biashara, tusiitie siasa.

Kwa muda nilidhani watatu hawa wanabishana. Nilipoyarudia maneno yao kichwani nikaona kila mmoja alikuwa akijibu swali lake peke yake. Bibi alijibu kuhusu mavazi. Ami alijibu kuhusu lengo la tangazo. Binti alikuwa akiuliza jambo la tatu kabisa: katika kisa hiki kifupi, mwanamke amepewa nafasi gani, na nani kampa? Ubishi wa aina hii nimeusikia barazani, harusini na kwenye makundi ya WhatsApp, na mara nyingi haufiki popote kwa sababu neno "kudhalilisha" linabebeshwa mambo matatu kwa mpigo. Tuyatenganishe.

Kumsawiri mtu ni kumchora, kwa picha, kwa maneno au kwa sauti. Anayechora hawezi kumweka mtu mzima ndani ya mchoro, kwa hiyo huchagua: ataonyesha mkono na kuacha mguu, ataonyesha kicheko na kuacha uchovu. Kinachobaki machoni mwa mtazamaji ndicho kinachoitwa taswira. Uchaguzi ule ule ukirudiwa na wachoraji wengi kwa miaka mingi, taswira inageuka kalibu. Sonara akishakuwa na kalibu ya hereni, humimina fedha, na kila hereni hutoka na umbo lile lile. Mwanamke wa tangazo naye anaweza kumiminwa hivyo: kijana, mwembamba, mweupe kiasi, yuko jikoni, anatabasamu. Kuwa jikoni si kosa. Shida inaanza pale kalibu inapokuwa moja, na wanawake wote wakatoka humo.

Sasa chukua leso yoyote iliyo karibu nawe. Ina mji, lile pambo la katikati. Ina pindo, linalouzunguka mji pande zote. Na ina jina, maandishi tunayoyasoma kwanza na kununulia, na wakati mwingine kupelekeana vijembe. Tangazo la runinga limeshonwa vivyo hivyo. Jina lake ni dai linalosemwa wazi: sabuni hii inatoa madoa. Mji ni picha ya katikati, yaani mama, shati na mtoto. Pindo ni yale yote yaliyozunguka picha bila kutajwa: nani anafua na nani amekaa, nani anaulizwa na nani anajibu, sauti ya nani inaeleza, kamera inaanzia usoni au miguuni. Tukibishana kuhusu tangazo, kwa kawaida tunabishana kuhusu jina. Sabuni inatoa madoa au haitoi? Lakini mwanamke amesawiriwa kwenye mji na pindo, na huko hakuna dai lililotamkwa ambalo mtu anaweza kulikanusha. Hakuna tangazo lililowahi kusema "kufua ni kazi ya wanawake." Halihitaji kusema.

Kwa nini kalibu hizi ni rahisi hivyo kutumika? Sababu kubwa ni muda. Kituo cha runinga huuza sekunde, na tangazo la kawaida lina sekunde 30 au pungufu. Ndani ya muda huo mtengenezaji anatakiwa atujulishe wahusika, alete tatizo, alete bidhaa na aonyeshe furaha. Hana nafasi ya kueleza kwamba huyu ni daktari. Anamvisha koti jeupe. Hana nafasi ya kueleza kwamba hii ni nyumba yenye upendo. Anamweka mama mwenye aproni kando ya meza. Anachukua njia ya mkato iliyoko tayari vichwani mwetu, na kwa kuitumia anaizidisha, hivyo yule wa kesho ataikuta imekanyagwa zaidi. Wala hatuhitaji kudhani kuna kikao cha watu wabaya waliopanga kumdunisha mwanamke. Njia ya mkato ikizoeleka huwa barabara.

Kuna na historia. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, kampuni za sabuni, Procter & Gamble ikiwa mbele, zilidhamini michezo ya redio ya mchana iliyolenga akina mama walioko nyumbani, na hata leo Waingereza na Wamarekani huziita tamthilia za mfululizo kwa jina linalotokana na sabuni. Tangazo la kwanza la runinga lililolipiwa kihalali nchini humo, la saa za Bulova, lilirushwa New York tarehe 1 Julai 1941. Runinga ilipofika Kenya mwaka 1962 ufundi wa kutangaza ulikuwa umeshakomaa, na kalibu zake zilikuja nao kama mizigo ndani ya jahazi. Kwa miaka mingi tulikuwa na kituo kimoja cha serikali. Mwaka 1990 KTN ikawa kituo cha kwanza cha binafsi, wengine wakafuata, na tangu tulipohamia ving'amuzi mwaka 2015 mtoto wa Shela au wa Matondoni huweza kuona kwa siku moja matangazo ambayo bibi yake hakuyaona kwa mwaka.

Hebu tukae kidogo kwenye pindo, maana hapo ndipo pana mengi. Mwanasosholojia Erving Goffman, miaka ya 1970, alikusanya mamia ya picha za matangazo ya Marekani akazipanga kama mtu anayepanga makombe ya pwani. Aliona kwamba mikono ya mwanamume hushika kitu kwa nguvu ya kukitumia, ilhali vidole vya mwanamke hukigusa juu juu au kukipapasa. Aliona wanawake wakilazwa, wakiinamishwa vichwa, wakipigwa picha wakiwa chini ya usawa wa wanaume. Yeye alitazama picha za kuchapishwa, lakini ukikaa mbele ya runinga jioni ya leo ukatazama mikono peke yake, utayaona mambo hayo kwa macho yako. Kisha sikiliza sauti. Watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakihesabu wahusika wa matangazo tangu miaka hiyo ya 1970, na jambo moja limekuwa likijitokeza tena na tena: mwanamke anaonekana akiitumia bidhaa, lakini sauti ya mamlaka, ile inayoeleza na kukata shauri, ni ya mwanamume. Katika tangazo la kwa ami yangu, mama yule alifua sekunde zote bila kutamka neno. Aliyejua habari za sabuni ni mtu ambaye mikono yake haikulowa maji.

Hapa watu husema: "Lakini ndiyo hali yenyewe, tangazo ni kioo tu." Hii ni hoja inayostahili jibu la heshima, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nyumba nyingi za Lamu, mwanamke ndiye apikaye na afuaye. Lakini kioo huonyesha kila kilicho mbele yake, na tangazo huchagua. Tazama pilau ya harusi au ya Maulidi. Masufuria yale makubwa, ya kulisha mtaa mzima, hupikwa na wanaume, tena mabingwa wanaotafutwa mji hadi mji, na hakuna anayewaona wa ajabu. Wanaume hawa wako wapi katika matangazo ya mchele na mafuta ya kupikia? Mwanamume akiingia jikoni mwa tangazo huwa mpishi wa hoteli mwenye kofia ndefu, au mume asiyejua hata chumvi iko wapi, ili tumcheke. Na wanawake wetu je? Mama karanga, yaani mkaanga samaki, wa Malindi anayewahi ufuoni alfajiri kugombea samaki mbele ya wachuuzi, akakaanga na kuuza, akalipa karo, anajua hesabu za mtaji kuliko wengi wenye ofisi. Lamu Mashariki ilimchagua Ruweida Obo kuwa mbunge mwaka 2022, mwanamke aliyewahi kuwa rubani wa ndege. Kioo kingewaonyesha hawa.

Mwanamke wa Pwani ana kalibu yake mahususi, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Akiletwa katika tangazo, anakuja na hina mikononi, macho yamepakwa wanja, maneno yamelegezwa kama anayebembeleza. Ataweka biriani mezani au atamkaribisha mgeni ufuoni. Ni mzuri, ana mahaba, hana haraka. Hana kazi. Binti wa kutoka bara huwekwa kwenye kompyuta au akifungua duka lake, na huyu wetu amewekwa mlangoni akitabasamu. Hina ni yetu na uturi ni wetu, na sitaki mtu atuondolee. Lakini ninawajua wanawake wa mji huu wenye hina hadi viwikoni wanaosahihisha mitihani, wanaozalisha, wanaosuka mikeka mpaka usiku wa manane ili wateja wa kesho wasirudi mikono mitupu. Ukichukua hina ukaacha kazi, umechukua pambo ukamwacha mtu.

Hapo ndipo lilipo jibu la bibi kuhusu stara. Mavazi ni suala la kweli na jamii ina haki ya kulijali. Lakini mwanamke anaweza kuvishwa kidogo akasawiriwa kama mtu kamili mwenye akili na uamuzi, na anaweza kuvishwa buibui akasawiriwa kama fanicha. Wengi hutumia neno "kumfanya chombo" kwa maana ya kumvua nguo tu. Maana yake ni pana zaidi: ni kumweka mtu mahali ambapo kitu kingefaa vile vile. Tangazo la tairi lenye mwanamke amesimama kando ya gari, hasemi, haendeshi, hanunui. Muondoe uweke mtungi wa maua, na habari za tairi hazipungui hata chembe. Basi hapo alikuwa chombo, hata kama amefunikwa kuanzia utosini.

Sheria nazo zinachangia mkanganyo huu, kwa kuwa zile tunazozisikia zikitumika ni za adabu zaidi. Kanuni za utangazaji za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinataka vipindi na matangazo ya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku yafae kutazamwa na familia. Mwaka 2016 bodi ya uainishaji wa filamu ilipinga tangazo la Coca-Cola kwa sababu ya busu. Busu linaonekana, linahesabika, linakatika kwa mkasi. Kalibu haikatiki hivyo. Hata hivyo Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinaagiza kuwe na sheria ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya staha, na Kenya iliridhia mwaka 1984 mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao kifungu chake cha 5 kinazitaka nchi zirekebishe mazoea yanayojengwa juu ya nafasi zilizokaririwa za wanaume na wanawake.

Uingereza walikwenda hatua moja mbele. Kuanzia tarehe 14 Juni 2019, msimamizi wa matangazo wa huko alipiga marufuku taswira za kijinsia zinazoweza kuleta madhara. Mwezi Agosti mwaka huo matangazo mawili yalizuiwa kwa mara ya kwanza. Moja, la Volkswagen, lilionyesha wanaume wakiwa angani na wakiruka michezoni, kisha mwanamke ameketi kimya kando ya kigari cha mtoto. La pili lilikuwa la jibini ya Philadelphia, na kosa lake lilikuwa dhidi ya wanaume: akina baba wawili, kwa kushughulishwa na chakula, wanawasahau watoto wachanga juu ya mkanda unaosafirisha sahani. Ninalitaja kwa wale wanaosema mjadala huu ni vita vya wanawake dhidi ya wanaume. Kalibu inayosema mama peke yake ndiye awezaye kulea, ndiyo hiyo hiyo inayosema baba hawezi.

Rangi ya ngozi inahitaji aya yake. Krimu ya Fair & Lovely ilianza kuuzwa India mwaka 1975 na ikaenea nchi nyingi, na kisa cha matangazo yake kikawa kimoja: binti mweusi hana bahati, anapaka, anakuwa mweupe, anapata mchumba au kazi. Mwaka 2017 Nivea ilikosolewa vikali kwa tangazo la Afrika Magharibi lililoahidi ngozi nyeupe zaidi. Mwaka 2020 Unilever iliiondoa "Fair" katika jina la krimu yake, ikawa Glow & Lovely. Ilikuwa hatua njema. Ila rudi kwenye leso: jina limebadilika, na sisi watazamaji tuna kazi ya kuangalia kama mji na pindo vimebadilika pia, kama binti anayeng'aa mwisho wa tangazo bado ndiye yule mweupe kuliko alivyoanza. Binti zetu wa Pwani, ambao rangi zao zinaanzia maji ya kunde hadi weusi wa ebeni ndani ya nyumba moja, hujipanga kwa mizani hiyo mapema mno.

"Tangazo moja litamfanya nini mtu mzima?" Moja, pengine si kitu. Lakini chungulia visima vya zamani vya mji wetu uone mdomo wa jiwe ulivyochimbika mifereji. Ni kamba tu, iliyopita pale pale. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Paul Davies, huko Canada, waliwaonyesha wanafunzi matangazo ambayo hayakugusa masomo hata kidogo: msichana anarukaruka kitandani kwa furaha ya dawa ya chunusi, mwingine anamezea mate unga wa keki. Kisha wakawapa mtihani. Wasichana waliotazama matangazo hayo walielekea kuyakwepa maswali ya hesabu na kuchagua ya lugha, na wakaonyesha hamu ndogo ya kazi zinazohitaji hesabu. Hakuna aliyewaambia hawawezi hesabu. Walikumbushwa kalibu, basi.

Lipo na dai kwamba haya ndiyo mafunzo yetu wenyewe, na hapo hutajwa Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utendi mwaka 1858 kumuusia namna ya kuishi na mume. Ni kweli alimuusia kumtunza mume kwa namna ambayo mabinti wa leo hujadiliana nayo. Lakini angalia nani anasema. Ni mwanamke, anazungumza kwa sauti yake, kwa jina lake, na binti mwenye jina, akitoa alichokiishi, akiwa mgonjwa na anajua siku zake ni chache. Mwanamke wa tangazo hana jina, hana mama, hana wosia. Wasia hutoka kwa mtu anayekupenda. Sauti nzito ya mwenye sabuni haikujui.

Na ami yangu, aliyesema ni biashara tu? Ni biashara kweli, na hilo ndilo linalonipa matumaini, kwa sababu mwenye biashara humsikiliza mnunuzi. Mwaka 2015 Ariel, ambayo ni sabuni ya Procter & Gamble wale wale, ilianza India kampeni iliyouliza kwa nini kufua kuwe kazi ya mama peke yake, na tangazo lake la mwaka uliofuata lilimwonyesha mzee akimwomba radhi bintiye kwa kutowahi kumsaidia mkewe, kisha akaingia kufua. Sabuni ilibaki ile ile ikitangazwa. Wapo wanaosema kampuni hufanya hivi kwa kutafuta faida. Hata zile za zamani zilitafuta faida. Lipi linaingia sebuleni kwangu, hilo ndilo ninaloweza kuchagua.

Nyumbani tumeanza zoezi ambalo yeyote anaweza kulifanya. Tangazo moja tunalitazama bila sauti, tukaona nani anafanya nini. Likirudi, na litarudi, tunageuza uso tukasikiliza tu, tukajua nani anasema. Mara ya tatu tunabadilisha watu kichwani: mama awe baba, msimulizi awe bibi. Kisa kikigeuka kichekesho, tunajiuliza tulichokuwa tunakiona cha kawaida ni nini. Lililotukera kweli tunaandika jina la kituo, tarehe na saa, maana malalamiko huanza kwa kituo chenyewe, na kisipojibu huenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na bila saa na tarehe hawana pa kulishika.

Juzi lile la sabuni lilirudi. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, aliinua macho akamtazama yule mama mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na yeye, haneni?"